Swali Lililoulizwa Mara Mbili

Kokugonza alinipigia simu nikiwa nimekaa mlangoni kwangu Mwanza nachambua mchele. Alisema, "Dada Jene, mama amepumzika jana jioni. Tunazika Alhamisi, hapahapa Mabira, kibanjani kwake, katikati ya migomba yake. Ameacha maneno kwamba ukija upewe nafasi ya kusema, maana bila wewe kibanja hiki kisingekuwepo." Nikampa pole, nikasema nitakuja, nikakata simu. Hapo ndipo ungo uliponitoka na mchele wote ukamwagika kwenye ngazi. Ningependa kuandika kwamba nililia, kwa sababu Ma Anastela, mama yake Kokugonza, alinipenda, na mjukuu wake wa kwanza anaitwa Jeneroza kwa ajili yangu. Sikulia. Niliogopa, woga uleule wa mwaka ule. Sasa nina miaka arobaini na moja, nimeandika programu nyingi na kufundisha vijana wengi kuziandika, na kila mwaka huwaambia habari ya makro bila kuwaambia habari ya Mabira. Nilipookota mchele ule punje kwa punje nilijua kwamba safari hii nitaandika yote.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tatu na chumba kimoja Bugene, kwa Ma Leokadia, mjane wa Kilutheri aliyekuwa na sauti nene na mkono mwepesi wa kupakua. Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, lakini kuta za ndani hazikufika kwenye paa. Zilikomea kichwani mwa mtu mrefu, na juu yake palikuwa na uwazi mmoja uliounganisha vyumba vyote, sebule, na moshi wa jikoni. Ukikohoa chumbani, mtu wa sebuleni anakuambia pole. Kwa hiyo nililala, nikaamka na kula nikisikia mazungumzo ya wengine, na mazungumzo ya mwaka ule yalikuwa ni hayo tu: migomba. Mnyauko ulikuwa umeingia. Ugonjwa ule hauna dawa. Jani linalegea na kugeuka manjano, tunda linaiva kabla ya wakati wake huku ndani limeoza, na ukikata shina linatoa usaha wa njano. Ukishauona umechelewa. Kazi iliyobaki ni kukata, kung'oa mashina na kufukia, kabla haujavuka kwenda kwa jirani. Watu waliamka asubuhi wakazunguka vibanjani mwao wakigusa majani, kama unavyomgusa mtoto shavu kuona kama ana homa. Hata ndizi na maharage tulivyokula jioni, Ma Leokadia alikuwa akiikata ndizi katikati kwanza na kuitazama ndani, ndipo anisogezee sahani. "Kula, mwanangu," angesema. "Hii bado nzima."

Nilifanya kazi kwenye mradi mmoja mdogo ambao siku hizi haupo tena. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la mbolea, na tulikuwa watu wawili wa kompyuta, mimi na kaka Projestus, aliyenizidi kama miaka ishirini na aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Kazi yetu ilikuwa hivi. Kila Jumatano wakulima waliojiandikisha Karagwe na Kyerwa walituma ripoti kwa simu zao ndogo, tarakimu chache tu: aina ya ndizi, na dalili aliyoiona, au sifuri kama kibanja ni kizima. Ripoti zilipanga foleni, programu yetu ikazichukua moja moja, ikaamua, na kama kuna ugonjwa ikamtumia mwenye kibanja amri ya kukata. Nasema amri, kwa maana ndivyo wataalamu walivyotaka iandikwe, bila "tafadhali" wala "tunashauri". Kata, ng'oa, fukia, ndani ya siku tatu. Ujumbe wa namna hiyo ukiingia kwenye simu ya mama wa Mabira haukuwa ujumbe tena, ulikuwa hukumu, na aliyeiandika alikuwa binti wa miaka ishirini na tatu aliyekuwa bado anaogopa kuvuka barabara ya lami.

Lugha ya kuandikia programu tuliyotumia ilikuwa ya mabano mengi, mojawapo ya zile ambazo hujengwa kwa fanksheni tupu: unaipa kitu, inakurudishia kitu, haiharibu wala haibadilishi chochote njiani. Kaka Projestus aliipenda kwa sababu hiyo. "Hii lugha haina unafiki," alisema. "Ukiiuliza mara mia, inajibu lilelile." Mimi niliipenda polepole, na shida yangu ilikuwa moja. Tulikuwa na aina tano za ndizi, za kupika, za pombe, za kuchoma, za kuiva, na zile za kisasa, na kila aina ilikuwa na dalili sita. Hiyo ilifanya fanksheni thelathini, zote zimefanana kama maharage, kila moja ikisema chukua ripoti, tazama, kama ni mgonjwa tuma amri. Wataalamu wakibadilisha sentensi moja, nilibadilisha mahali thelathini. Siku moja nilibadilisha ishirini na tisa. Sikugundua mpaka baada ya wiki, na ingawa hakuna aliyeumia, tangu hapo sikuwa na usingizi mzuri. Nilikuwa nikila ndizi za Ma Leokadia huku nahesabu kichwani: za kupika jani, za kupika tunda, za kupika ua.

Ndipo kaka Projestus akanifundisha makro. Ilikuwa asubuhi, mvua inapiga bati, tunakunywa chai ya maziwa kwenye vikombe vya plastiki. Alisema makro ni msimbo, yaani maagizo ya programu, unaoandika msimbo mwingine. Unaandika umbo mara moja, unaacha nafasi, kisha unaiambia: niandikie hili kwa ndizi za kupika na jani, niandikie kwa za pombe na tunda, na yenyewe inaandika zote thelathini kabla programu haijaanza kufanya kazi. Nilitaka kumkumbatia. Kisha akaniangalia juu ya miwani na kusema neno ambalo nimelirudia kwa wanafunzi wangu kila mwaka. "Lakini usiichukulie kama fanksheni. Fanksheni unaipa jibu. Makro unaipa swali. Chochote unachoandika ndani ya mabano yake, haikifanyi kwanza; inakibeba kama kilivyo na kukipachika kila mahali ulipoacha nafasi. Umenielewa?" Nikasema, "Eego, kaka." Sikuwa nimeelewa. Lakini mtu mzima amekueleza kwa upole, chai inapoa, na wewe ni mgeni kazini. Kwetu huwezi kujibu "hapana" mahali hapo. Unaitikia, unatikisa kichwa, na unatumaini kwamba utaelewa mbele ya safari. Nimeona wasichana na wavulana wengi wakinitikisia kichwa namna ile, na huwa nawarudisha ubaoni bila huruma, wakidhani nina roho mbaya.

Niliandika makro yangu kwa siku mbili. Msimbo uliokuwa kurasa nyingi ukawa ukurasa mmoja, safi, unaopendeza. Niliijaribu kwa ripoti za mfano nilizoziandika mwenyewe na kila kitu kikajibu sawasawa. Jumatano ikafika, tukaiwasha, ripoti zikaingia, amri zikatoka. Jioni ile kulikuwa na mstari mmoja mwekundu kwenye kioo cha kompyuta uliosema hakuna ripoti iliyobaki kwenye foleni. Nikasema ni mtandao. Mtandao wa kwetu ulikuwa umebeba lawama nyingi kuliko punda, ukabeba na hiyo. Nikafunga ofisi nikaenda nyumbani nikiimba.

Kesho yake, Alhamisi alasiri, nilikuwa chumbani nimelala chali, nimerudi mapema kwa sababu umeme ulikuwa umekatika ofisini. Nikasikia mtu akibisha sebuleni, sauti ya msichana. Nilimfahamu: Kokugonza, mtoto wa Ma Anastela, mdogo wake Ma Leokadia aliyeolewa Mabira. Alikuwa na miaka kama kumi na saba wakati huo.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mbona uso huo? Kuna msiba?"

"Msiba wa migomba. Ujumbe uliingia jana jioni. Unasema tukate yote, tung'oe, tufukie, siku tatu."

Nikasikia kiti kikisogea. "Mama yako alituma kwamba inaumwa?"

"Alituma sifuri, kama kila Jumatano. Mimi ndiye ninayembonyezea."

"Na shambani mnaona nini?"

"Hatuoni kitu. Majani mabichi kabisa. Lakini mama anasema ugonjwa huanza ndani. Anasema labda simu imeona ndani."

Kisha Ma Leokadia akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Hata kaburi la baba yako litabaki juani." Kokugonza akaanza kulia. Alisema majirani watakuja kusaidia kukata Jumamosi asubuhi, na mama yake ameomba mapanga na ameomba dada yake awepo. "Mama mkubwa, waitu, tafadhali, mama aliniambia nikuombe usikose."

Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, nimeshika mdomo wangu kwa mikono miwili. Simu haioni ndani. Simu haioni kabisa. Anayeona ni mimi, na mimi sikuwa nimeona kitu. Ma Leokadia akaniita kupitia juu ya ukuta: "Jene mwanangu, umesikia? Wewe si unafanya kazi na hao watu? Hebu tuambie, huo ugonjwa wa ndani mnauonaje?" Nikajibu kwamba nitauliza kesho. Sauti yangu ilitoka ya kawaida kabisa. Mpaka leo naiogopa ile sauti, jinsi ilivyojua kujitegemea.

Ijumaa nilifika ofisini kabla ya mwenye duka la mbolea hajafungua. Nikafungua kumbukumbu za Jumatano. Wa tisa kwenye foleni alikuwa mkulima aitwaye Bernado, wa Mabira: ndizi za kupika, tunda limeiva kabla ya wakati, shina linatoa usaha. Wa kumi alikuwa Anastela: sifuri. Amri ilikuwa imekwenda kwa wa kumi. Wa tisa hakupata chochote. Nikaifunua makro ili nione inaandika nini hasa, na kioo kikanionyesha mstari huu:

(kama (ni-mgonjwa? (chukua-ripoti)) (tuma-amri (chukua-ripoti)))

Nikaelewa yote kwa mara moja, na kuelewa kulikuwa kama kumwagiwa maji ya baridi. Nilikuwa nimeipa makro swali, "chukua ripoti", nikidhani nimeipa jibu. Nayo ikalipachika swali mahali pote nilipoacha nafasi, mara mbili. Ikachukua ripoti ya Bernado, ikaona ni mgonjwa. Kisha, ili itume amri, ikachukua ripoti nyingine, iliyofuata kwenye foleni, bila kuitazama, ikaihukumu. Ni kama mpishi anayeonja chungu hiki, akasema kina chumvi, halafu akamwaga cha pili. Kwenye majaribio yangu kosa halikuonekana kwa sababu ripoti ya mfano ukiiuliza mara mia inajibu lilelile, kama kaka Projestus alivyosema. Foleni ya kweli haiko hivyo. Foleni kila ukiichukulia inakupa mtu mwingine. Siku ile kulikuwa na ripoti mbili tu za ugonjwa. Moja ya Bernado, na nyingine ya mkulima wa kijiji cha mbali, aliyekuwa wa mwisho kabisa. Baada yake hapakuwa na mtu wa kuhukumiwa badala yake, na ndio ule mstari mwekundu nilioubebesha mtandao.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja. Ichukue ripoti mara moja, ipe jina, kisha litumie jina mara mbili. Nikaandika, na fanksheni zote thelathini zikapona kwa pamoja, kama zilivyougua kwa pamoja. Ndiyo sifa ya makro, na ndiyo sababu naiheshimu hata leo. Kaka Projestus akaingia akining'iniza koti, akaona nimeinama. "Umebadilisha nini asubuhi hii?" Nikasema, "Nafanya usafi kidogo." Akasema sawa.

Namba ya Ma Anastela ilikuwa mbele yangu. Niliandika ujumbe: Usikate, ujumbe ulikosewa. Nikaufuta. Kila ujumbe uliotoka ulikuwa na nakala kwenye simu ya kaka Projestus, na angeuliza nani amekosea. Nikaandika tena, nikafuta tena. Mkataba wangu ulikuwa wa majaribio, lakini nisidanganye, si mkataba niliouogopa zaidi. Niliogopa kuwa yule mtu aliyekosea. Niliogopa Ma Leokadia akate ndizi katikati, aitazame, kisha anitazame mimi. Kutwa nzima nilijiambia kwamba msimbo umepona na kwa hiyo mambo yamepona.

Jumamosi Ma Leokadia aliondoka alfajiri na mapanga yamefungwa kwenye kanga. Mimi nilibaki nimekaa nimevaa viatu. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita, ndipo nilipotoka mbio kutafuta bodaboda, na njia nzima nilimpigia kelele dereva aongeze mwendo, utadhani yeye ndiye aliyechelewa. Manyunyu yalikuwa yakidondoka. Kabla sijakiona kibanja nilikisikia. Panga likiingia kwenye shina la mgomba halitoi mlio mkali, linatoa sauti ya maji, na baada yake jani kubwa linashuka taratibu na kujilaza juu ya mengine. Upande wote wa chini, uliopakana na njia, ulikuwa wazi. Sikuwahi kuona uwazi wa namna ile Kyerwa, mbingu ikiwa imeshuka hadi miguuni. Watu kama ishirini walikuwa wakikata kimyakimya, wakipitisha mapanga yao kwenye moto kila baada ya shina, kama walivyofundishwa. Ma Anastela alikuwa amekaa juu ya kaburi la mumewe, amebana magoti, hashiki chochote.

Nikapiga kelele, "Acheni! Acheni kukata!"

Wakaacha. Mzee mmoja mwembamba aliyekuwa karibu nami, jasho likimtiririka, akauliza, "Wewe ni nani, binti?"

"Natoka kwenye mradi. Ujumbe ulikuja kimakosa. Hapa hakuna ugonjwa."

"Nani kakosea?" akauliza Ma Leokadia kutoka mbali, na nikaona macho yake.

Hapo ndipo mahali penyewe. Nimerudi mahali pale mara nyingi kuliko kanisani. Nilifungua mdomo nikasema, "Mfumo. Mfumo umekosea. Msiusikilize."

Ma Anastela akainuka, akaja akaniangukia miguuni, mimi, akisema waitu, waitu, Mungu akubariki, na wanawake wakapiga vigelegele katikati ya migomba iliyolala. Yule mzee mwembamba akanisogelea zaidi. "Una hakika, binti? Simu imekosea?" Mtu mmoja akamwita, "Mzee Bernado, njoo uuzime moto!" Nikalisikia jina, na kichwani nikaliona tena kwenye kioo, wa tisa kwenye foleni. Alikuwa amesimama umbali wa mkono, na panga, akimsaidia jirani yake kukata migomba mizima badala ya ile ya kwake iliyooza ng'ambo ya njia. Kumwambia kwamba mgonjwa ni yeye kungenilazimu kusema nimejuaje, na nimejua tangu lini. Nikasema, "Nina hakika, mzee." Uso wake ukafunguka, na akacheka kama mtu aliyetuliwa gunia.

Jumatatu kaka Projestus alisoma mabadiliko yangu. Hakunigombeza. Alivua miwani, akasema, "Msimbo umeuponya. Watu je?" Nikamweleza habari ya foleni, sikumweleza habari ya Jumamosi. Tukatuma amri zote mbili zilizopotea, siku ileile. Yule mkulima wa kijiji cha mbali alikata kabla ya jua kuzama na kibanja chake kilipona. Mzee Bernado hakukata. Nilisikia habari zake juu ya ule ukuta usiofika kwenye paa, mwezi baada ya mwezi, Ma Leokadia akiwasimulia wageni. Alionyesha ujumbe wake kwa watu akicheka: ile simu ya uongo sasa imenirudia mimi! Kisha majani yakalegea. Kisha hakucheka tena. Kabla mwaka haujaisha hakuwa na mgomba hata mmoja uliosimama, na akaenda kulima vibarua kwenye mashamba ya watu. Kijiji kikamwita mkaidi aliyeambiwa akakataa. "Mficha maradhi kilio humuumbua," Ma Leokadia alisema, na mimi upande wa pili wa ukuta nilivuta shuka usoni. Kibanja cha Ma Anastela kilisalia. Watu walisema ule uwazi uliokatwa kando ya njia ndio uliouzuia ugonjwa usivuke, na kwamba Mungu alilitumia hata kosa la simu. Ma Anastela akawa ananiletea mkungu wa ndizi kila mwezi mpaka nilipohama. Nilizila. Zilikuwa tamu, na utamu wake ulinitisha kuliko laana.

Alhamisi ya mazishi nilifika Mabira watu wamejaa. Upande wa chini umeota tena, migomba mirefu kunipita, hutajua kwamba palikuwa wazi. Kaburi jipya lilikuwa limechimbwa kando ya lile la zamani, kivulini. Mwanamke mmoja akanipa kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu, akanionyesha nafasi kwenye benchi, na nilipokaa nikaona nimekaa ubavuni mwa mzee mwembamba mwenye fimbo. Alikuwa amezeeka sana. Nilimjua kabla hajageuka. Ningeweza kuinuka na kutafuta kiti kingine. Miguu yangu ilitaka hivyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akageuka kunitazama. "Wewe ni yule binti wa simu."

"Ndiye mimi. Mzee, nina neno lako nimekaa nalo muda mrefu." Nikalisema haraka, kwa kuwa nilijua nikisimama kidogo sitaendelea. Nikamwambia ripoti yake ilifika. Nikamwambia programu niliyoiandika mimi iliisoma, ikaona ugonjwa, kisha ikachukua ya jirani yake ikaiandikia amri iliyokuwa yake yeye. Nikamwambia nilijua tangu Ijumaa, na kwamba Jumamosi, aliposimama mbele yangu akaniuliza, nilijua ni nani na nikaogopa.

Mzee Bernado aliendelea kutafuna kahawa. Kwaya ilikuwa ikiimba na ilibidi niiname ili nimsikie.

"Nilituma Jumatano," akasema. "Nikangoja jibu. Jibu likaenda kwa Anastela. Nikasema, kumbe basi mimi ni mzima, macho yangu ndiyo mabaya. Nikachukua panga nikaja kumsaidia."

"Na Jumatatu ujumbe ulikufikia."

"Ulinifikia." Akatema maganda kiganjani, akayatazama. "Hawa wote wanasema Bernado alikataa kuiamini simu. Wajukuu zangu wanaambiwa hivyo shuleni. Mimi sikuikataa simu, binti. Nilikuwa nimekuamini wewe."

Nilitamani anitukane.

"Ungenieleza ile Jumamosi," akauliza, "ningepona?"

"Ungekata siku ileile, mzee. Ungefukia, ungengoja, ungepanda tena. Ungepona."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeupokea mzigo ili aupime uzito wake. Kwaya ikanyamaza. Kokugonza akasimama kando ya kaburi na karatasi mkononi, macho yamevimba, akasema kwamba sasa atazungumza mtu ambaye mama aliomba asikosekane, mtu aliyekuja siku ile mapanga yakiwa mikononi akakiokoa kibanja hiki. Mtoto wake, Jeneroza mdogo, alikuwa ameshika sketi yake akinitafuta kwa macho. Watu wakageuka, wengi wakitabasamu, kwa sababu hadithi waliijua.

"Wanakuita," akasema Mzee Bernado. "Nenda. Waeleze na hawa."

Nikasimama. Nilipofika mbele nilishika shina la mgomba ulio karibu. Ulikuwa wa baridi na mzima.

"Mimi ndiye niliyeandika ule ujumbe," nikasema, "na haukuwa wa nyumba hii."